Jina Moja Daftarini

Barua ilikuwa imeandikwa kwa lugha mbili, na Bibi Sivapakiam hakujua kusoma hata moja kati yake. Mnyapara Vellaichami alipomkabidhi pale mlangoni alisema tu, "Ya ofisini hiyo, mama. Usiikalie." Bibi akaikalia siku kumi na moja. Aliikunja mara nne, akaitia ndani ya kopo la dengu, akafunga kifuniko. Kwa miaka sabini na mmoja aliyoishi kwenye laini, zile safu za vyumba vya wafanyakazi wa shamba lile la chai, hakuwahi kuona barua ya ofisini iliyomletea mtu kitu. Barua za ofisini zilikuja kuchukua. Lakini sikukuu ya Pongal ilikuwa karibu, wajukuu wake wawili walikuwa wanakuja, na aliona kitakachochukuliwa kinaweza kungoja mpaka watoto wale kwanza.

Wakaja. Kogulan alitoka Colombo na treni ya asubuhi, akiwa amebeba sari ya buluu iliyokosewa ufumaji kwenye pindo, ambayo tajiri wake wa duka la nguo alimkata kwenye mshahara kwa nusu bei. Dada yake Yogarani alipanda kutoka mjini Hatton, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu baada ya kushuka basi. Yeye alikuwa fundi wa miwani. Alikata vioo na kuvinoa mpaka vikakaa kwenye fremu, na vidole vyake vilikuwa na mikwaruzo midogo midogo ambayo Bibi aliikagua kila alipokuja, mmoja baada ya mwingine, kama anayenunua bamia.

"Mume wangu kakonda," Bibi alisema akimshika Kogulan shavu. "Huko Colombo watu hawali?"

"Wanakula, Bibi. Mimi nawauzia sari, wao wanakwenda kula."

"Na huyu dada yako? Miaka ishirini na sita, bado hajaniletea mkwe."

"Nikuletee aje alale wapi?" Yogarani akajibu. "Juu ya kuku?"

Chumba kilikuwa kimoja na jiko la moshi kwa nyuma. Humo Bibi aliwalea wote wawili tangu mama yao alipokufa, Yogarani akiwa na miaka kumi na mmoja, na baba yao akahamia shamba jingine kwa mke mwingine. Chungu kipya kilichemka mbele ya mlango, maziwa yakafurika upande wa mashariki kama inavyotakiwa, wakapiga kelele wote watatu, wakacheka, kisha wakaketi chini kula wali wa sukari guru kwenye majani ya mgomba.

"Mnakumbuka mwaka bati lilipong'oka?" Kogulan akasema, mdomo umejaa. "Bibi akatuambia limekwenda kuwasalimia ndugu zake Talawakele."

"Si Talawakele. Nanu Oya," dada yake akamsahihisha. "Ndugu zake bati walikuwa Nanu Oya. Wewe ulilia ukitaka kwenda nalo."

"Tukalala chini ya turubai siku tatu. Mimi nilifurahi kweli, sijawahi kufurahi vile tena."

"Siku tisa," Bibi akasema.

"Zilikuwa tatu, Bibi."

"Zilikuwa tisa, mume wangu. Wewe ulikuwa mdogo, ulihesabu zile zisizo na mvua."

Wakacheka mpaka Kogulan akapaliwa. Bibi naye alicheka. Hakuwaambia kwamba bati jipya lilipatikana kwa sababu alisimama nje ya lango la meneja siku nne mfululizo, mpaka mbwa wake wakamzoea wakaacha kubweka. Aliwaona wanavyoipenda siku ile, na hakuona faida ya kuwaharibia.

Yogarani ndiye aliyeingia ndani kuchota dengu za jioni. Alikaa huko muda mrefu. Alipotoka alikuwa ameshika ile karatasi, dengu mbili tatu zimenasa kwenye mikunjo.

"Bibi, hii ni ya tarehe tatu."

"Nilitaka mle kwanza."

Akawasomea akiwa amesimama. Chumba namba saba kilitolewa kwa mfanyakazi Sivapakiam, ambaye alistaafu miaka kumi na mmoja iliyopita. Tangu hapo hakuna mtu wa kaya ile aliye kwenye daftari la wafanyakazi. Kampuni ina familia zinazongoja vyumba. Kabla ya mwezi kwisha, ama ndugu mmoja aandikishwe kuchuma chai au kazi nyingine ya shamba, ama chumba kirudishwe kikiwa kitupu na kimefagiliwa.

"Kimefagiliwa!" Kogulan akarudia. "Wanafukuza mtu na wanataka awafagilie."

Bibi aliendelea kukwangua ukoko wa chungu. "Nilijua inataka kitu," akasema.

*

Kesho yake wakateremka wote watatu mpaka ofisini. Walivua viatu, wakavipanga ukutani, wakasimama barazani kwa sababu sakafu ya ndani ilikuwa imepigwa nta. Karani mkuu, Jesudas, alizaliwa laini ya tano. Mke wa mnyapara mmoja aliwahi kusema kwamba karani huyo amenyonya maziwa ya nusu ya wanawake wa mlima ule, na Sivapakiam alikuwa mmojawao. Alipowaona alianza kutafuta kalamu, na kalamu ilikuwa sikioni mwake.

"Jesu," Bibi alimwita. "Niandike mimi."

"Mama, wewe ni mstaafu."

"Mstaafu ana mikono. Tazama." Akaipitisha mikono yake dirishani, juu ya kaunta, mpaka karibu na wino. "Nilikuwa nachuma kilo thelathini wakati mama yako anachuma kumi na mbili na kulia. Niandike."

"Mwisho ni miaka sitini. Hata nikikuandika, mashine ya Colombo inakukataa yenyewe."

"Mashine hiyo imeniona wapi?"

Mwanamke mmoja aliyekuja kuuliza dawa za mtoto akacheka, Jesudas akaona haya, akaenda kumwita meneja. Meneja, ambaye watu wa laini walimwita dorai kama walivyowaita wote waliomtangulia, alikuwa kijana wa umri wa Yogarani. Hakuwa na kiburi. Alikuja mwenyewe mpaka dirishani, akamwita Bibi "amma", akazungumza polepole.

"Amma, kuna mtu na mke wake na watoto wawili, wanalala jikoni kwa kaka yake. Wote wawili wako kazini kila siku. Nimwambie nini huyo mama? Kwamba kuna chumba lakini kina mtu mmoja?"

Kogulan alikuwa amekuja na maneno mengi tayari, ya haki na miaka na jasho. Lakini alimjua mwanamume anayetajwa. Walisoma pamoja.

"Kina watu watatu," akasema.

"Watatu wako wapi?" dorai akauliza, si kwa ubaya. "Wewe upo Colombo. Dada yako yupo Hatton. Mmoja wenu akirudi kesho, chumba ni chenu, hata nitawawekea bati. Kijana, nina nafasi ya kupiga dawa ya magugu. Msichana, kuchuma. Siku ishirini kwa mwezi, basi."

"Huyu anakata miwani," Bibi alisema. "Mwezi wa pili tajiri wake anampeleka Kandy kujifunza kupima macho. Miezi sita. Akirudi atakaa kwenye kiti chake mwenyewe, na watu watamsomea herufi."

"Vizuri sana, amma," dorai akasema, na alionekana kumaanisha. Kisha akatazama saa.

Walipoinama kuvaa viatu, Bibi aliona mtu amekwisha kuvisogeza vyao kando kwa mguu, ili vyake vikae kivulini.

*

Kogulan alisema atamchukua Bibi Colombo. Alilisema kwa nguvu, njiani, akipiga teke majani. Bibi akafurahi, au akaonyesha kufurahi. Akasema amechoka na vilima na anataka kuona bahari kabla hajafa, na akauliza kama huko kuna mahali pa kufuga kuku wawili.

"Wapo wengi wanaofuga," Kogulan akasema.

Yogarani alingoja mpaka Bibi alipokwenda bombani. "Chumba chako kina milango mingapi?"

"Dada, acha."

"Nakuuliza."

"Hakina mlango," akasema. "Sina chumba. Tunalala kwenye ghala la duka, vijana sita, juu ya marobota ya vitambaa. Tajiri anafunga kwa nje saa tatu na kufungua saa kumi na mbili." Akafuta uso kwa mkono wa shati. "Nikirudi huku nitapiga dawa mwaka mmoja, miwili, mapafu yaishe kama ya yule jirani, baba yake Ravi. Unataka hivyo?"

"Sijasema urudi."

"Sasa nani arudi?"

Yogarani mwenyewe alikuwa na kitanda kimoja katika hosteli ya wasichana, mwenye nyumba akiwa mjane mkali aliyekataza wageni, nyama na redio. Mshahara wake haukufika popote pakubwa, ila ungeongezeka baada ya Kandy. Jumamosi akamchukua Bibi wakaenda Hatton kuona chumba kilichotangazwa nyuma ya duka la mikate. Kilikuwa na dirisha. Bibi aligusa ukuta, akasema hauna unyevu. Mwenye nyumba, mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, alitaka kodi ya miezi sita mkononi, na Yogarani akaanza kumbembeleza kwa miezi miwili. Walikuwa wamekaribia kuelewana pale mwanamke yule alipotazama miguu ya Bibi, vile vidole vilivyopanuka na mistari myeusi isiyotoka kwa sabuni.

"Mnatoka shambani?"

"Mimi nafanya kazi mjini," Yogarani akasema.

"Mama huyu, je?"

"Mimi natoka shambani," Bibi akasema.

Yule mwanamke akakumbuka kwamba mdogo wake aliwahi kumwomba chumba hichohicho. Aliwasindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote, akawapa na mkate.

Bibi aliubeba mkate ule mpaka kituo cha basi. Huko akaumega, akaonja, akasema, "Mwanamke mwenyewe mzuri, ila anaoka mikate haijaiva," na Yogarani akacheka huku machozi yanamtoka, watu wa foleni wakageuka kutazama.

*

Wiki ya mwisho ya mwezi Bibi aliwapigia simu wote wawili kwa simu ya jirani. Mambo yamepata njia, alisema. Binamu yake Ponnamma wa Badulla amemwita akaishi naye, ana nyumba ya saruji, ana na televisheni. Atachukua treni ya tarehe thelathini na moja. Wasije, nauli ni ghali, atawaita kwa sikukuu ya Deepavali. Kuku amekwisha kuwagawa.

Kogulan alilia kwa furaha kwenye simu. Yogarani alisema, "Vizuri, Bibi," akarudi kwenye meza yake ya kunolea vioo. Akakikata kioo cha mteja upande usio wake. Mtoto wa Ponnamma alikuwa amekuja dukani kabla ya Pongal kutengeneza miwani iliyovunjika mkono, na katika mazungumzo akasema mama yake analala kwenye ujia wa nyumba ya mkwewe, na wanatafuta pa kumpeleka.

Bwana Nazeer, tajiri wake, alikuwa mtu wa maneno machache. Alimsikiliza mpaka mwisho. "Nafasi ya Kandy haiwezi kungoja," akasema. "Nikishindwa kukupeleka wewe, nitampeleka mwenzako Farzana."

"Najua."

"Bibi yako hana mtu mwingine?"

"Ana watu wawili," Yogarani akasema. "Mimi na mdogo wangu."

Akavua koti lake jeupe la kazi, akalikunja, akaliweka juu ya kiti. Bwana Nazeer akalihamishia kabatini bila kumtazama usoni.

Tarehe thelathini na moja asubuhi Bibi alikuwa amekaa kizingitini juu ya gunia la sufuria zake, amevaa sari ya buluu yenye kasoro, nywele zimepakwa mafuta. Sakafu ilikuwa imefagiliwa. Alimwona mjukuu wake akipanda kutoka upande wa ofisini badala ya upande wa barabara. Mkononi alikuwa na kipande kipya cha kazi, na begani mfuko wa kuchumia.

Bibi aliutazama ule mfuko mpaka msichana akafika.

"Nenda ukawarudishie."

"Nimetia sahihi, Bibi."

"Nenda ukaifute! Jesu atakufutia, nimemnyonyesha mbwa yule!" Akasimama, gunia likaanguka, sufuria zikabingirika mpaka mfereji wa laini. Majirani wakatoka. "Miaka thelathini na minane nimepanda kile kilima kwa ajili gani? Unafikiri nilikuwa nacheza? Nimekulisha ili uje unishikie mfuko?"

"Na treni ya Badulla ulikuwa unakwenda kwa nani?"

"Kwa Ponnamma."

"Ponnamma analala ujiani. Ulikuwa unakwenda wapi, Bibi?"

Bibi akawatazama majirani, akautazama mfereji.

"Kituo cha Badulla kina mabenchi mazuri," akasema. "Yana paa."

Yogarani akashuka mferejini kuokota sufuria. Akaziosha moja moja bombani, akazirudisha ndani, akazipanga. Bibi hakuingia. Alikaa nje mpaka jua lilipozama, na alipoingia hakula, wala kesho yake hakumsemesha mjukuu wake neno. Siku ya pili alisema moja tu. "Kandy nani kaenda?"

"Farzana."

"Anajua kazi?"

"Anaogopa mashine."

Bibi akageukia ukutani.

*

Kazi ilianza Jumatatu. Wanawake walimpokea Yogarani kwa utani. Walimwita daktari wa macho, wakamwuliza kama majani anayaona vizuri kutoka huko mbali. Lakini walimpa sabuni ya kupaka miguuni kuzuia ruba, na mmoja akamfunga gunia kiunoni. Kiwango cha siku kilikuwa kilo kumi na nane. Asiyefika huandikiwa nusu siku na kulipwa nusu. Siku ya kwanza mizani ilisoma saba. Siku ya pili saba na nusu, na kati yake Jesudas aliondoa moja na nusu kwa sababu majani makavu yalikuwa mengi. Vidole vilivyozoea kushika kioo kwenye ncha vilikuwa vinachagua kila jani kama linaloweza kuvunjika.

Bibi aliyaona haya kutoka mlangoni kwa jinsi msichana alivyorudi ameshika shingo. Siku ya tatu, saa nne ya asubuhi, watu wa mstari wa juu walimwona anapanda, polepole, akishika mashina ya chai kwa mkono mmoja na mgongo kwa mwingine. Mnyapara Vellaichami akamkimbilia.

"Mama, huruhusiwi humu. Ukianguka mimi ndiye wa kuulizwa."

"Nimekuja kumtazama mjukuu wangu. Kuna kodi?"

"Mtazame basi. Usiguse kitu."

Akapita. Akasimama nyuma ya Yogarani, akamtazama anavyochuma, akavuta pumzi kwa pua. "Mkono huo unaupeleka sokoni?" akasema. Yalikuwa maneno marefu ya kwanza tangu wagombane. "Usiangalie jani. Jani lipo. Mikono yote miwili, hivi, na kifundo kisigeuke." Akamwonyesha mara moja. Kisha mara ya pili. Mara ya tatu hakuwa anaonyesha tena. Mikono ilikwenda yenyewe juu ya vichaka, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, akijaza upindo wa sari yake na kuumwaga kwenye mfuko wa msichana, na kurudi.

"Bibi, usifanye. Bibi, nakuomba."

"Chuma wewe. Unazungumza sana."

Vellaichami aliwaona. Alitazama bonde, akasafisha koo, akaenda kuwapigia kelele wanawake wa mstari mwingine. Wakachuma hivyo mpaka saa kumi, wamekabiliana, kichaka katikati. Bibi alisimama mara mbili kukohoa. Alimweleza kwamba ni kwenye mstari ule alikoachia kazi siku mama yake Yogarani alipotaka kuzaliwa, na kwamba siku hiyo walimpa nusu mshahara kwa sababu uchungu ulianza kabla ya mizani ya mchana. Hakuwahi kumwambia mtu hadithi hiyo. Yogarani akauliza mvua ilikuwa inanyesha au jua, na Bibi akafikiri sana, akasema ukungu.

Mizani ikasoma kumi na tisa. Jesudas akaangalia mizani, akaangalia vidole vya Bibi vilivyokuwa vya kijani mpaka kwenye kucha. Akaandika kwenye daftari jina la Yogarani, kilo kumi na tisa, siku nzima.

"Mfanyakazi mzuri," mwanamke mmoja akasema kwa sauti ndogo. "Kampuni imepata wawili kwa chumba kimoja."

Dorai alikuwa anapita na pikipiki yake. Alisimama, akauliza msichana mpya anaendeleaje. Vellaichami akamwambia amejifunza haraka. "Safi," dorai akasema, akamwinulia Bibi mkono kwa salamu, akaenda.

Walishuka wawili nyuma ya wenzao, maana Bibi hakuweza mwendo. Alimwegemea mjukuu wake begani, na bega lenyewe lilikuwa limevimba kwa kamba, lakini Yogarani hakulitoa. Alihesabu kichwani siku ishirini kwa mwezi, na miezi. Kwenye kona ya mkuyu, ambapo laini zinaanza kuonekana na moshi wa majiko, akasimama. Alitaka kumwambia Bibi asije kesho, na hakuweza, kwa sababu bila yeye mizani ingesoma saba.

Bibi naye alijua. Aliketi juu ya jiwe la mpaka, akanyoosha miguu, akaanza kujitoa ruba kwenye kifundo.

"Lia hapa hapa," akasema. "Umalize kabla hatujafika laini. Kule watu wana masikio."

Akamngojea.